Geji ya Gari la Mjane

Yule fundi mikono yake ilikuwa imekolea oili hata nzi akitua anateleza. Siku ya kulifungia gari la mjane geji ya joto, kila skrubu aliipulizia kwanza, kama anayetoa kibanzi jichoni mwa mtoto. Gari lenyewe kikongwe, halina rejeta, hupozwa na upepo tu. Injini ikiungua tena, gari hilo, kumbukumbu pekee ya marehemu mumewe, litabaki chuma chakavu.

"Toboa basi, mwanangu!"

"Taratibu, mama. Dashibodi hii ina haya."

Akafumba macho, akatoboa, geji ikaketi kama yai kiotani. Injini ikawashwa. Sindano ikapanda, ikapanda, mjane akasahau kupumua, kisha ikatulia katikati. Fundi akavua kofia, akaliinamia gari.

"Shikamoo."

Mjane akaitika kwa niaba yake: "Marahaba."