Daktari Aliponiambia Nifungue Mdomo

Daktari aliupasua mkono wangu, usaha ukaruka mpaka kwenye aproni yake. Halafu, badala ya kuniuliza habari za mkono, akaniambia nifungue mdomo.

Nikasema moyoni, huyu naye ananitafuta.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni kinyozi, mtaani wananiita Wembe. Saluni nachangia na shemeji, kaka yake mke wangu. Viti viwili, vioo viwili.

Mwaka ule kiti changu kilikuwa kitupu, chake watu wanapanga foleni. Mteja anaingia, namkaribisha, ananijibu, "Namsubiri yule." Mmoja nilikuwa namnyoa ndevu, kila nikimwinamia anageuza uso. Mwisho akanyanyuka akaondoka na povu shavuni.

Nikaamini shemeji ananichongea.

Asubuhi moja saluni imejaa, akanivuta mlangoni, akaninong'oneza.

"Shem, usinielewe vibaya. Mdomo wako unanuka. Wateja wanakukimbia. Nenda kwa daktari wa meno."

Alinong'ona, lakini nilimwona mteja mmoja anatabasamu.

Nilimtandika ngumi ya tumbo, akajikunja. Nikamkaba shingo, nikampigiza uso kwenye kioo chake mwenyewe. Kioo kikapasuka, damu ikamwingia macho. Watu wanapiga kelele, mimi sisikii la mtu. Nikavuta ngumi ya mwisho nimvunje taya.

Akakwepa.

Ngumi ikatua kwenye fremu ya chuma ya mlango. Kifundo cha kidole cha kati kikachanika, mfupa nikauona kwa macho yangu.

Nikafyonza ile damu, nikatema, nikafyonza tena. Ndivyo nilivyozoea tangu utotoni, kila nikijikata. Nikafunga kitambaa, nikaondoka kifua mbele.

Siku ya pili mkono ulivimba mpaka saa ya mkononi ikagoma kuvuka kiganja. Siku ya tatu vidole havikunjiki, nina homa, natetemeka. Na ile harufu ya kidonda sasa. Nilikuwa naijua, ila sikukumbuka niliinusa wapi.

Aliyenikokota hadi hospitali ni shemeji, ana nyuzi sita usoni.

Basi nikafungua mdomo. Daktari akamulika tochi, akabonyeza fizi kwa kijiti. Usaha ukatoka, kama mkononi. Jino likacheza.

"Ulipoumia ulifanya nini?"

"Nilifyonza damu."

Akashusha pumzi. "Kila mtu ana bakteria mdomoni, na wengi hawana neno. Wewe hujawasafisha miaka, wamejazana chini ya fizi, mfupa unaoshika meno unalika. Halafu ukachukua haohao ukawatia kwenye kifundo kilicho wazi. Kazi waliyoifanya mdomoni kwa miaka, mkononi wameimaliza kwa siku tatu."

Nikamwomba aniachie kidole, huo ndio mkono wangu wa kushikia mashine ya kunyolea. Akasema tukichelewa utaondoka mkono mzima.

Wakakikata. Meno manne nayo yakang'olewa.

Nilipozinduka, mke wangu alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Nikalia, sifichi. Nikageuza aibu ikawa hasira, kama kawaida yangu.

"We mwanamke, tunalala kitanda kimoja. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," akasema. "Mwaka juzi."

Akageuza kichwa taratibu, akanionyesha sikio lake la kushoto. Lile lisilosikia.

Kile kibao nilichomzaba siku ile nilishakisahau kabisa.

"Ndiyo maana safari hii nilimtuma kaka," akasema.

Jamani, fizi ikitoa damu kila ukipiga mswaki, hiyo siyo kawaida, nenda ukatibiwe. Na mtu akikuambia mdomo wako unanuka, mshukuru. Wenzake wote wameamua kukukimbia.

Mimi leo nanyoa kwa vidole tisa, na nyumbani nakaa upande wa kulia wa mke wangu ili anisikie. Kidole nitawalaumu bakteria. Lile sikio sina wa kumsingizia.