Kurasa Nne Zilizokatwa

Kitabu kikikatwa mgongo kwa wembe hutoa harufu ya gundi kavu na vumbi, na kwangu mimi harufu hiyo huja pamoja na ya karanga zinazokaangwa. Nyumbani kwetu Nkuhungu, mwaka niliotimiza miaka kumi na moja, mama alikaanga karanga kila Jumamosi alasiri kwa sababu wenzake wa riwaya walikuwa wanakuja. Walikuwa wanawake watano pamoja naye, na riwaya ilikuwa moja. Baba, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mitambo ya umeme Mtera na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, ndiye aliyeileta, imefungwa pamoja na samaki wakavu. Baba hakuwa msomaji hata wa gazeti. Nilijiuliza siku ile ile ni nani aliyemchagulia kitabu, lakini mimi nilikuwa mtoto wa kushuku kila kitu, na mama alishanikanya mara nyingi niache kukagua watu kama askari wa getini.

Wanawake wale hawakuwa na subira ya kungojeana. Mama Tabitha, jirani yetu fundi cherehani, mwenye sauti ya kuamuru hata anapoomba maji, alikikata kitabu sehemu sita na kuzishona kila moja kwa uzi mweusi. Mama, kwa kuwa kitabu kilikuwa chake, alisoma kila sehemu wa kwanza. Baada ya wiki alimpa Mama Sara, naye Mama Sara akampa Mama Tabitha, kisha ikaenda kwa mwalimu mmoja na mwisho kwa karani wa ofisi ya serikali. Sharti lilikuwa moja. Jumamosi unaruhusiwa kusema kitabu unakipenda au kinakusumbua, lakini husemi kwa nini, usije ukawaharibia walio nyuma. Matokeo yake watu wazima watano walikaa kwenye mkeka wakitafuna karanga na kuchunguzana nyuso. Mama akisema, "Hapa nimepata tabu kidogo," wanne wote wanamkazia macho kutafuta nani amekufa. Yule karani, maskini, aliamini kabisa kwamba wenzake wanamcheka.

Aliyetazamwa kwa jicho baya zaidi ni Mama Sara. Alikuwa amehamia mtaani kwetu mwaka mmoja tu nyuma, akitokea Kibaigwa, na mumewe alikuwa dalali wa mahindi. Mama Tabitha alipenda kusema kwamba mke wa dalali anaweza kukuuzia mahindi yako mwenyewe na ukamshukuru. Lakini katika wote watano hakuna aliyekipenda kitabu kile kama yeye. Alisoma kila sehemu mara mbili na kuwazungumzia watu waliomo kama wapangaji wenzake. "Yule mzee mimi simwamini," alisema siku moja, "hata akiniamkia yeye." Mwalimu alimkumbusha sharti, naye akafunika mdomo kwa pindo la khanga, akacheka peke yake. Mimi nilimpenda, na kwa sababu nilimpenda nikazidi kumshuku. Niliona haiwezekani mtu awe na furaha kiasi kile juu ya karatasi.

Nami nilikuwa nasoma, kwa kuiba. Ilikuwa likizo ya Juni, upepo wa baridi unasukuma vumbi hadi ndani ya vyombo, na mwenzangu wa kucheza, Sara, alikuwa amepelekwa Kibaigwa kwa bibi yake mpaka shule zifunguliwe. Asubuhi mama akienda sokoni nilichukua sehemu ya wiki hiyo chini ya godoro lake nikaisomea nyuma ya jiko. Sehemu ya nne ndiyo iliyonishtua. Ukurasa wa mia moja kumi na nane, mume anapanda basi kurudi kazini mbali. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa mia moja ishirini na tatu, na mke ameshafika kwa kaka yake na mizigo yote. Nilidhani nimeruka. Nilipofungua vizuri niliona kwenye mshono vipande viwili vyembamba vya karatasi, vimekatwa kwa wembe, vimenyooka. Tangu sehemu ile ishonwe, mama ndiye pekee aliyekuwa ameigusa.

Nilizitafuta zile karatasi siku mbili. Zilikuwa katika sanduku lake la bati, ndani ya kitenge alichovaa siku ya harusi ya mdogo wake. Nilizisoma nimesimama, sikio liko mlangoni. Mke wa kwenye riwaya anafua shati la mumewe na kuona kifungo kimoja kimeshonwa nyuzi zikipishana. Yeye hushona vifungo kwa mistari miwili iliyolala sambamba, siku zote. Anakaa chini na shati mapajani, na kwa kurasa nne hafanyi kitu kingine ila kukumbuka. Nilirudisha karatasi, nikatoka uani. Shati la bluu la baba, aliloliacha lifuliwe, lilikuwa kwenye kamba iliyopita mbele ya mkeka wa Jumamosi. Kifungo cha tatu kutoka juu nyuzi zake zilipishana; vingine vyote vilikuwa na mistari miwili ya mama. Niliogopa. Na nilielewa pia, kadiri mtoto anavyoweza kuelewa, kwamba mama hakuwa amekata kurasa kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa ameshasoma. Hakutaka macho ya wale wenzake wanne yasome kisha yainuke yatazame kamba yetu.

Mama Sara alipokaa na sehemu ile wiki yake, Jumamosi alisema tu, "Nimeipenda. Ila mwandishi hapa ana haraka kidogo." Alisema akimenya karanga, hakumtazama mtu. Wiki iliyofuata Mama Tabitha alifika kabla ya wenzake, sehemu ya nne ameishika mkononi kama hati ya mahakama, akangoja mkeka ujae. "Kurasa nne ziko wapi?" aliuliza. Hakuna aliyegeuka kumtazama mama, maana nani angekata kitabu chake mwenyewe? Waligeuka wote kwa Mama Sara. Mwalimu alisema taratibu kwamba sehemu ilitoka kwa Mama Sara kwenda kwa Mama Tabitha, na karani akasema alijua tu, alijua tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti na namba za kurasa kichwani. Nilimtazama mama. Mama alikuwa anapepeta karanga ambazo zilishapepetwa.

Mama Sara alimtazama mama pia, si kwa muda mrefu. Kisha akainua uso kidogo kuelekea kwenye kamba, zilipoanikwa nguo za baba, akaushusha. "Ni Sara wangu," alisema. "Alizichana akichezea, nikaona haya kuwaambia. Mnisamehe." Sara alikuwa Kibaigwa kwa wiki ya tatu sasa, tangu kabla sehemu ile haijafika kwao. Nilijua mimi, na mama alijua, kwa kuwa ndiye aliyemfungia maandazi ya safari. "Mama Nyemo, kitabu ni chako, sema neno," Mama Tabitha alidai. Mama akasema, "Basi, yaishe." Wakamsifu kwa moyo wake mkubwa. Waliamua, bila mama kupinga, kwamba Mama Sara asipewe sehemu ya sita, ile ya mwisho. Aliaga vizuri, akavaa kandambili zake, akaondoka. Kabla ya mwaka kwisha yeye na familia yake walirudi Kibaigwa. Kile kifungo mama alikikata akakishona upya kwa mistari miwili. Kama baba alikuwa na nyumba nyingine Mtera, sijui mpaka leo. Huenda alikishona fundi tu.

Siku hizi nimo kwenye kundi la wasomaji katika simu, watu zaidi ya mia, wengi hatujawahi kuonana. Wanaandika kitabu gani kimewanogea na kipi kimewashinda, wanamwaga mwisho wa hadithi bila kuuliza nani hajafika, wanagombana, wanatoka na kurudi. Nakipenda kijiwe hicho, lakini tabia haijaniacha. Mtu akiandika, "Kitabu hiki kimenishinda," namfuata pembeni kumuuliza kimemshinda ukurasa wa ngapi. Wengine hukasirika. Mle ndani kila mtu anasema kila kitu, na sijamwona bado atakayebeba aibu ya mwenzake kwa sababu ya kurasa nne.

Mwaka jana, miezi michache baada ya kumzika mama, nilipata nakala nzima ya riwaya ile, nikaipeleka Kibaigwa. Mama Sara sasa anavaa miwani na anatembea kwa kushika ukuta. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa pole ya msiba, akakipokea kitabu kwa mikono miwili na kukinusa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. "Mama," nilianza, "zile kurasa za sehemu ya nne, siku ile nilikuwa..." Akaweka kiganja juu ya mkono wangu. "Yule Sara alikuwa mtundu, mwanangu," alisema. "Hukumbuki? Alikuwa anachana kila kitu." Mama alikuwa kaburini, baba kamtangulia, hakubaki wa kufichiwa siri, na Mama Sara bado analinda. Machozi yalinitoka, sikuyafuta. Nikamwambia, "Nakumbuka, mama. Alikuwa mtundu sana."