Masikio ya Mtoto

Mapendo, msusi wa mtaa wa La Rochelle, alijipaka mkorogo miaka mingi. Uso ulikubali, ukawa kama embe bivu. Vifundo vya vidole vilikataa, vikabaki vyeusi.

Alipojifungua, jirani yake Mama Thierry alikuja, akamvua mtoto kofia, akatazama masikio, maana rangi ya kichanga hutabiriwa hapo.

"Eish, dada! Huyu atakuwa masizi. Hata hamfanani. Mwanzishie krimu mapema."

Mgeni alipoondoka, Mapendo alifungua kopo lake la krimu. Jua lilijaa chumbani taratibu, kama maji ya uvuguvugu. Kabla ya kupaka, alilipapasa sikio lile dogo kwa mgongo wa kidole. Sikio na kifundo vilikuwa na rangi moja.

"Kumbe tunafanana," alinong'ona, akalifunga kopo.