Vifungo vya Koti la Mwalimu

Bibi fundi cherehani hakuwa mtu wa kuacha jambo njiani. Mjukuu wake alikuwa na mtihani kesho yake, na kugawanya kulikuwa kumemshinda kabisa. Bibi akapanga vikombe vinne juu ya meza ya kukatia nguo.

"Haya mama, vifungo kumi na viwili. Kila kikombe kipate sawa."

Kopo la vifungo likatoa tisa tu. Bibi akaangaza macho huku na huku, akalivuta koti lililokwisha shonwa, na mkasi ukafanya kazi: kacha, kacha, kacha! Vikatimia.

"Vitatu vitatu, bibi!" mtoto akaruka.

Vigelegele havijaisha, mwenye koti huyo mlangoni, naye ndiye mwalimu wa hesabu wa mtoto. Akalivaa, akapapasa kifuani. Patupu.

"Fundi, vifungo vyangu?"

Mjukuu ndiye aliyejibu: "Vimo ndani ya kikombe cha nne, mwalimu."

"Nikichukua vyangu pamoja na kikombe chake, je?"

Mtoto akamwaga vilivyobaki, akagawa upya katika vikombe vitatu. "Bado vitatu vitatu!"

"Basi kesho usiogope," mwalimu akasema, akilivua koti. "Na wewe bibi, vyangu vinarudi lini?"

"Sasa hivi, mwalimu," bibi akajibu, akihangaika kutafuta sindano kama mwanafunzi aliyesahau daftari.