Jambia la Sista na Dozi ya Sekunde Kumi na Mbili

Sista hakustaafu ili akae kitako. Hilo watu wengi hawakulielewa, wakajipa tabu ya bure. Miaka thelathini na mmoja alikuwa nesi wa wodi ya wanaume, ghorofa ya pili, ile yenye mlango usiofunga sawasawa mpaka uusukume kwa nyonga. Siku aliyokabidhi funguo za kabati la dawa alirudi nyumbani, akavua viatu vyake vyeupe, akamwambia mumewe, "Sasa nataka kupiga mtu."

Mumewe, seremala asiye na haraka na jambo lolote, alimtazama, kisha akasogeza kiti chake nyuma kidogo.

Jamani, hakuwa na nia ya kumpiga yeye! Alikuwa anazungumzia mchezo. Ni ile michezo ya kompyuta ya watu wengi, kila mmoja yuko kwake, wanakutana mtandaoni wakiwa wamevaa sura za mashujaa, kisha wanakwenda kupambana na madubwana. Aliyemwingiza humo ni binti yake, kitinda mimba, mpima barabara aliyepata kazi nchi ya mbali. Kabla ya hapo simu zao zilikuwa zimekonda. "Umekula, mwanangu?" "Nimekula, Mama. Na wewe?" "Nimekula." "Haya." Dakika mbili, kwisha habari. Lakini ndani ya mchezo, kila Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana, binti huyo huyo alicheka, alifoka, alisimulia vituko vya kazini kwake, na alipiga kelele "Mama, nyuma yako!" kwa sauti ile ile aliyokuwa nayo akiwa darasa la pili. Sista asingeyatoa masaa yale manne kwa mtu yeyote.

Tatizo ni kwamba kikosi chao kilikuwa na nafasi kumi, binti yake ndiye kapteni, na kikosi kizima kilishaamua bila kumuuliza kwamba nesi ataponya.

"Mama, si ndiyo kazi yako?" binti alimwambia. "Unashika fimbo, unasimama nyuma, mtu akiumia unamrudishia damu. Hata hujisumbui."

"Hata sijisumbui!" Sista akaguna. "Miaka thelathini na mmoja nimesimama nyuma, mwanangu. Ugonjwa nimeusubiri, nimeusindikiza, nimeufutia jasho. Kuupiga, sijaupiga hata siku moja. Nipe silaha."

Akapewa ruhusa achague silaha, na hapo ndipo watu walipomjua vizuri. Siku tatu nzima alizunguka ghala la silaha la mle mchezoni, miwani puani, akisoma maelezo ya kila kitu kama anavyosoma karatasi ya ndani ya pakiti ya dawa, mpaka yale maandishi madogo ya chini ambayo hakuna anayeyasoma. Upanga mrefu aliuona, akaupita. Upinde akaushika, akaurudisha. Shoka la mikono miwili, ambalo wapigaji wote wanalipenda, alilitazama akacheka. Pigo lake moja lilikuwa la kutisha, kweli, lakini ulisubiri sekunde nne kulinyanyua tena, na dubwana likisogea hatua moja umepiga hewa. Mwishoni akachukua jambia. Fupi, la bei ya chini, lenye kifereji cha kutia sumu ubavuni.

Kikosini kulikuwa na fundi magari mmoja aliyeitwa Shoka, kwa sababu hakuwahi kushika kitu kingine. Mtu wa adabu, huwezi kumlaumu kwa hilo. Hata akitaka kukutukana, kwanza anakusalimia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mama, hilo jambia ni la kukatia vitunguu. Wanalichukua wanaoanza, baada ya wiki wanalitupa. Halipigi."

Sista akampa vidonge vyake hapo hapo, tena bila maji. Akamwambia jambia linapiga sana, ila wanaolishika ndio hawajui dozi. Sumu yake huuma kila baada ya sekunde tatu, mara nne, jumla sekunde kumi na mbili, halafu imeisha. Ukiitia nyingine kabla ya hapo, ile ya kwanza inafutika na hesabu inaanza upya. "Sasa nyinyi mnabonyeza kitufe cha sumu kila sekunde mbili kama mnapiga kengele ya mlango. Haijauma hata mara moja, mmeshaifuta! Mgonjwa ukimpa dawa ya kutwa mara tatu yote kwa mkupuo, utasema dawa ndiyo mbaya?"

Watu wakacheka. Shoka naye akacheka, kisha akasema twende kwenye sanamu la mazoezi, tupimane.

Sanamu hilo ni gogo la mbao lenye sura ya mtu, unalipiga dakika mbili, ubao juu yake unaonyesha jumla ya nguvu uliyotoa. Shoka akatoa elfu kumi na nne. Sista akatoa elfu tisa. Aliposema kwamba mbao hazina damu ya kupokea sumu, kwa hiyo jambia lake limepimwa nusu tu, watu waliona anajitetea. Alikuwa anasema kweli, lakini ukweli wa aliyeshindwa nani anausikiliza?

Baadaye binti alibaki naye peke yake kwenye laini. Alianza kwa kukohoa, na Sista, aliyemlea, akajua linakuja jambo.

"Mama, nakupa Jumamosi moja. Dubwana la Mgodini limetushinda mara sita. Likianguka, nafasi ya mpigaji ni yako, na hakuna atakayefungua mdomo. Lisipoanguka, unashika fimbo ya kuponya, au unampisha mwingine. Nikikupendelea, watasema kapteni anambeba mama yake."

"Sawa, kapteni," Sista akajibu, uso mkavu.

Lakini alipovua vile visikizi vya masikioni alishika tama. Alijijua. Kuponya asingeweza tena, alikuwa ameshashiba kuponya. Angeshika fimbo Jumamosi mbili, ya tatu angesingizia kichwa, ya nne angesema umeme umekatika. Baada ya hapo wangerudi kule kule kwa umekula, nimekula. Hilo lilimuuma, tena liliuma hasa. Akakaa nalo muda wa kunywa chai kikombe kimoja, halafu akapiga moyo konde na kuvuta daftari.

Daftari lenyewe lilikuwa la wodini, lililobaki na kurasa tupu, lenye mistari ya chati ya dawa. Juu akaandika: Mgonjwa, Dubwana. Kitanda, Mgodini. Chini akapanga safu zake kama kawaida: saa, dozi, hali ya mgonjwa, sahihi. Seremala akapita na kikombe chake, akasoma juu ya bega la mkewe.

"Huyo mgonjwa ana ndugu?" akauliza.

"Hana."

"Afadhali," seremala akasema, akaenda zake.

Kisha ikaja kazi ya vipaji. Mchezo ule humpa kila shujaa alama ishirini za kujinunulia vipaji, na alama ukishazitia umezitia, huzirudishi mpaka wiki iishe. Sista alizigawa polepole. Nane akazitia kwenye Mkono Mwepesi, ili jambia lichome haraka kati ya dozi na dozi. Kumi na moja kwenye Makali ya Sumu. Ikabaki alama moja, na vipaji viwili vya kuchagua. Cha kwanza kiliitwa Hasira: adui akibakiwa na robo ya damu, mapigo yako yanakuwa mara mbili. Wapigaji wote dunia nzima walikuwa nacho. Cha pili kiliitwa Sumu Yaendelea, na maelezo yake yalikuwa mstari mmoja tu: mwenye jambia akifa, sumu yake haikatiki.

"Hicho ni kipaji cha maiti," Shoka akamwonya. "Ukishakufa, kinakusaidia nini?"

Sista alikuwa amemkumbuka mzee mmoja wa kitanda cha tisa, dereva wa trekta, aliyeletwa akiwa hajitambui. Alimchoma sindano saa saba na nusu mchana, saa nane zamu ikaisha, akaenda nyumbani huku moyo mzito, akijua hatamkuta. Asubuhi alimkuta amekaa kitandani anagombana na mtu wa uji. Usiku kucha hakuwa pale, ila dawa yake ilikuwa pale. Akaitia alama ya mwisho kwenye Sumu Yaendelea, akaandika kwenye daftari, akafunga.

Jumamosi ikafika. Sista alioga, akavaa gauni safi, na kifuani akabandika saa yake ya kazi, ile inayoning'inia kichwa chini ili nesi aisome akiinama. Saa nne kamili alikuwa ndani. Binti alikuwa mbele na ngao, Shoka kulia, waponyaji wawili nyuma, na Dubwana la Mgodini likapanda kutoka shimoni mwake, pana kama ghala.

Dozi ya kwanza ikaingia. Sista akachoma, akachoma, jicho moja kwenye kioo na moja kifuani. Tatu, sita, tisa, kumi na mbili, dozi. Hakuwahisha, hakuchelewesha. Dubwana lilirukaruka kutoka ukuta hadi ukuta, na shoka la fundi magari likawa linapasua mawe tu, huku jamaa akilalamika kama amefungiwa nati isiyo saizi. Sumu haikujali dubwana liko ukuta gani. Dakika ya sita, damu ya dubwana ilikuwa nusu kwenye ule mstari mwekundu ulio juu ya kichwa chake. Mara zote sita zilizopita hawakuwahi kuifikisha hapo.

"Mama, unapiga!" binti akapaza sauti, na Sista akatabasamu peke yake chumbani.

Dakika ya tisa mambo yakaharibika. Mponyaji mmoja akakanyagwa, wa pili akafuata. Watu wakaanza kuanguka mmoja mmoja, na sauti kama tano zikamwita kwa pamoja. "Sista, ponya! Mama, shika fimbo iliyodondoka, iko hapo miguuni pako!"

Ilikuwa pale kweli, inang'aa. Na mkono wake, nakuambia, mkono wake ulikwenda wenyewe. Miaka thelathini na mmoja mtu akiita, yeye alikwenda. Na safari hii aliyekuwa anaishiwa damu ni mwanawe, amepiga goti nyuma ya ngao. Saa kifuani ikasema kumi na moja. Akiokota fimbo, dozi inapita.

"Nisamehe, mwanangu," akasema kwa sauti, akatia dozi.

Ngao ikavunjika, binti akaanguka. Shoka akalala juu ya shoka lake. Akabaki Sista peke yake na dubwana lenye damu ya upana wa kidole. Alikimbia, akachoma, akakimbia tena, akihesabu kwa midomo. Tisa. Kumi. Mkia ukampiga akabakiwa na pumzi moja. Kumi na moja. Kumi na mbili. Akatia dozi ya mwisho, na hapo hapo mguu wa dubwana ukamshukia.

Kioo kikawa cha kijivu. Kikosi kizima kimekufa.

"Basi," Shoka akasema kwa unyonge. "Tulikaribia, jamani. Pole, Mama."

Dubwana likageuka, likaanza kujikokota kurudi shimoni mwake. Likishafika humo damu yake hujaa upya, na kazi ya watu kumi inakwenda na maji. Hatua kama kumi zilibaki.

"Nyamazeni," Sista akasema. Alikuwa ameinamia kifua chake. "Tatu."

Dubwana likashtuka. Kitu kimeliuma.

"Loo!" mtu akaruka.

"Sita," Sista akasema. Likashtuka tena, likapepesuka, likaendelea. Damu yake ilibaki kama uzi. Mguu mmoja uligusa ukingo wa shimo.

"Tembea taratibu, baba," Sista akalibembeleza kwa sauti yake ya wodini. "Hakuna anayekufukuza. Tisa."

Dubwana la Mgodini likaanguka kifudifudi, kichwa ndani ya shimo na mwili wote nje. Watu kumi waliokufa wakapiga kelele mpaka visikizi vikakwaruza. Seremala akaja mbio kutoka uani, msumeno mkononi.

"Nani kafa?"

"Wote," Sista akasema.

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Pole," seremala akasema, akavuta kiti akakaa.

Kelele zilipopungua, fundi magari akakohoa. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Hicho kipaji cha maiti... alama zetu zinarudi lini vile? Nataka kubadilisha."

Binti alikuwa anacheka na kulia, vyote kwa pamoja. Alipopata sauti akasema, "Mama, nilikuwa nakuita nakufa, na wewe ukaniacha!"

"Nilikuacha, mwanangu. Na ingekuwa kweli ningekuja mbio, hata bila viatu. Ila hii ndiyo Jumamosi yangu na wewe, sikutaka mtu anipokonye."

"Hakuna wa kukupokonya," binti akasema. "Ni amri ya kapteni."

Sista akavuta daftari. Kwenye safu ya saa akaandika saa nne na dakika kumi na mbili. Kwenye safu ya dozi akaweka alama ya vema. Akafika kwenye hali ya mgonjwa, na kalamu ikasimama, kwa sababu neno lililotakiwa pale alishaliandika mara nyingi maishani, na kila mara aliliandika akiwa ameuma meno, halafu akaenda kunawa uso. Akaliandika kwa herufi kubwa, AMEFARIKI, akatia sahihi yake kamili, akacheka mpaka saa ikaruka kifuani.