Jani Lisilo na Tundu

Mwajiri wangu alikuwa hajui kitu, na hata huko kutojua alikuwa nako kwa kujiamini. Duka lake la fremu za picha lilikuwa Clairwood, mjini Durban, limebanwa na maghala na malori. Mwaka 2011 alipata kazi ya kupamba fleti za kupangisha huko ufukweni South Beach. Mwenye fleti alitaka picha za wadudu, zile za wachoraji wa Ulaya wa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita: kipepeo, kiwavi wake na mmea anaoula, vyote kwenye karatasi moja. Sisi tulichapa mistari mitupu, kisha rangi ikatiwa kwa mkono, kama walivyofanya wao.

Mimi nilikuwa mkata vioo. Kwetu Bujumbura nilifundisha sayansi sekondari. Durban vidole vyangu vilijaa plasta. Niliitaka nafasi kwenye meza ya kutilia rangi kuliko kitu chochote. Mwajiri akaniambia nitie rangi picha moja, akiipenda, nafasi mezani ni yangu.

Wiki nzima nilifanya kazi hiyo saa ya chakula. Aliyeichora ile picha alikuwa mtu makini. Ilionekana wazi kwamba alikaa akamtazama kiwavi akila, maana jani alilichora limetobolewa, na alama za meno ya mdudu zinaonekana kwenye kila ukingo. Nami nikatia hudhurungi kidogo kwenye kingo hizo, kwa kuwa jani lililong'atwa hukauka. Nilijisikia mwalimu tena.

Mwajiri akaishika picha, akakunja uso, akaanza na Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa.

"Maman! Mende wamekula papier!"

Akaigeuza karatasi kutafuta matundu kwa nyuma. Hakuna. Akaigeuza tena, akapitisha kidole juu ya jani. Mtu mwenye akili angecheka hapo, mambo yakaisha.

"Patron, hayo yamechorwa," nikasema. "Kiwavi ndiye aliyelila jani. Ndiyo kazi yake pale."

"Client hatajua ile. Ataona iko kitu ya kuoza. Funga matundu yote, kesho utakaa kwa meza."

Nilimdharau mpaka masikio yakawaka moto. Nilimdharau na mwenye fleti, aliyetaka wadudu ukutani ila wasiwe wamekula chochote. Kichwani nilishawapanga wote wawili kwenye dawati la mbele, nawafundisha kwa sauti ile niliyokuwa nayo kwa watoto wazito wa kuelewa.

Kisha nikachanganya kijani, nikaziba tundu la kwanza, la pili, yote, kwa ustadi ambao hata aliyeichora picha asingegundua. Bwana akafurahi, akasema sasa iko propre, yaani safi.

Kesho yake nilikaa mezani. Yeye angalau alikuwa hajui. Mimi nilijua, nikamnyang'anya kiwavi chakula mdomoni ili nipate kiti.