Kikwangulio cha Urefu Mmoja

Magoti yangu mpaka leo yana ngozi nyeusi, ngumu, isiyotoka kwa mafuta wala kwa dodoki. Wajukuu huniuliza, bibi, ulianguka? Sikuanguka. Nilipiga magoti miaka minne kwenye sakafu ya banda la kubangulia korosho, Newala, na hasira niliyotoka nayo mle bado haijaisha. Watu huniambia nisamehe. Nitasamehe nikishamaliza kusimulia.

Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Wabanguaji walikaa kwenye mabenchi marefu, mikono wameipaka majivu, na kila walipopasua ganda mafuta yalidondoka sakafuni. Yalichanganyika na majivu na vumbi, yakakauka, yakawa kitu cheusi tulichokiita ukoko, maana kilishika saruji kama ukoko wa ugali unavyoshika sufuria. Wanawake sita tulikuwa na kazi moja tu, kuukwangua. Tulipewa vipande vya majembe yaliyokwisha, bila mpini. Unapiga magoti, unainama mpaka pua inakaribia saruji, unakwangua. Mafuta yakipata joto la goti yanaamka upya na kukuchoma.

Meneja wetu alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, mrefu, msafi, kalamu mbili mfukoni. Siku yake ya kwanza alituuliza kwa nini hatumwagi maji ya moto. Maji! Juu ya uwanda wetu, ambako mwanamke anaondoka na ndoo alfajiri, anatelemka bondeni, na anarudi jua limeshapanda! Hilo tulimsamehe, maana mtu aliyekua akitazama ziwa hawezi kujua. Yaliyofuata ndiyo sikuyasamehe.

Jirani yangu alikuwa mmoja wetu sita. Alivuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji akiwa na watoto wawili na mguu uliopigwa risasi. Hospitalini Ndanda waliuokoa ule mguu, lakini goti halikukunjika tena. Mumewe alibaki vitani, na walipoagana alimwambia neno moja: nikiwa hai nitakuja kukutafuta Newala. Basi yule mama alikaa Newala kama mtu aliyeshikilia kamba. Serikali ya kijiji ilimkubali kwa sharti kwamba awe na kazi. Akikosa kazi angepakiwa kwenye lori apelekwe kambini walikowekwa wakimbizi wengine, mbali huko, ambako mumewe asingejua pa kuanzia kuuliza.

Na kazi yenyewe ndiyo hiyo ya kupiga magoti. Yeye alikuwa anakaa ubavu, mguu mbovu ameunyoosha mbele, anajivuta kwa mkono mmoja na kukwangua kwa mwingine. Tukimaliza mistari mitatu, yeye kamaliza mmoja. Tulikuwa tunamsaidia kwa siri, kila mmoja anamchukulia kipande. Siku moja Meneja akatukuta.

"Ndugu," alimwambia mbele ya banda zima, "mwisho wa mwezi ujao, asiyeweza kupiga magoti aondoke. Hapa kijijini hatufugi kupe."

Kupe! Hilo ndilo jina walilopewa wanyonyaji, watu wa matumbo makubwa waliokula jasho la wengine. Leo linabandikwa kwa mwanamke asiyeshiba, anayejikokota juu ya mafuta ya moto. Nilifungua kinywa. Jirani yangu akanivuta kanga.

"Nyamaza, mdogo wangu," alisema kwa Kimakonde chake cha ng'ambo. "Ukifukuzwa na wewe, nani atanisaidia?"

Usiku ule usingizi ulinikataa. Asubuhi nilijiambia kwamba kama goti lake halikunjiki, basi chuma kimfuate alipo.

Nilianza kijinga. Nilichukua kipande cha jembe nikakifunga kwenye mti mrefu kama mpini wa fagio. Jirani yangu akiwa amesimama katikati ya banda kilifanya kazi, lakini chini ya mabenchi, kwenye ukoko mnene kuliko wote, mti ulikuwa mrefu mno, haukuingia. Nikaukata mfupi. Sasa ukaingia chini ya benchi, naye akalazimika kuinama mpaka mgongo ukamlilia. Halafu chuma chenyewe kikawa na ukaidi wake. Kwenye ukoko mnene kilitaka kusimama ili king'ate. Kwenye utando mwembamba kilitaka kulala, la sivyo kinachimba saruji. Nilijaribu kipande cha panga, kikakatika. Nilijaribu chuma cha springi ya lori, kikawa kizito cha kumvunja mtu bega. Nikarudi kwenye jembe. Jembe lililolimia mchanga wetu miaka kumi linabaki jembamba na kali, na halikatiki.

Dawa niliipata sokoni, kwa fundi baiskeli, mzee wa Makote. Nilikuwa napita tu na mihogo yangu. Mteja mfupi alikuwa amenunua baiskeli ya mtu mrefu, na mzee analegeza bolti, anakishusha kiti ndani ya bomba lake, anaikaza bolti, basi. Baiskeli ya jitu imekuwa ya mtu mfupi. Niliitua mihogo chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pancha?"

"Sina baiskeli. Nataka mpini unaopanda na kushuka kama hicho kiti."

Alicheka mpaka akakohoa. Mwanamke na spana wapi na wapi! Lakini alikuwa fundi kweli, na fundi kweli hawezi kuacha swali likae bure. Nilichana ukingo wa kanga yangu kuukuu, nikampima jirani yangu nyumbani akiwa amesimama anavyoweza, mguu mzima nyuma, mbovu mbele, mkono kwenye nyonga. Kutoka sakafuni hadi nyonga nikapiga fundo. Nikajipima na mimi, fundo la pili. Nikapima chini ya benchi, fundo la tatu. Mzee aliutundika ule utepe ukutani, akawa anaufuata kama fundi cherehani.

Ilituchukua siku nyingi. Alipata mabomba mawili ya baiskeli zilizokufa, moja likaingia ndani ya jingine, na bolti ya kukaza. Kwenye ncha aliweka chuma cha jembe juu ya kiungo kama cha bawaba, na nati yenye masikio unayoikaza kwa vidole, ili chuma kisimame au kilale upendavyo. Nati ya kwanza ilikuwa inalegea katikati ya kazi. Nikamwambia aweke kipande cha mpira wa tairi katikati. Akanitazama. "Wewe ungezaliwa mwanaume," alisema. Nikamjibu kwamba ningezaliwa mwanaume nisingejua sakafu ina ukoko. Alicheka tena, na mpira akauweka.

Siku tuliyopeleka kikwangulio chetu bandani, jirani yangu alisimama. Mwanamke ambaye kwa mwaka mzima nilikuwa namwona utosi tu, siku hiyo nilimwona kifua. Aliegemeza mpini nyongani, akasukuma, na ukoko ukanyanyuka vipande vipande. Alipofika kwenye mabenchi alilegeza bolti, akaufupisha, akaketi juu ya benchi na kukwangua chini yake. Mchana alikuwa ametuacha nyuma sote watano. Alikuwa analia na kukwangua, na mimi nililia pia, na wala sioni haya kusema.

Tukawa tunakipokezana, kila mmoja na urefu wake. Siku nne nzima tulifurahi.

Ya tano, Meneja akakiona. Akakizungusha, akalegeza, akakaza, macho yanamng'aa. Wageni wa mkoa walikuwa wanakuja kutazama ubunifu wa vijiji, naye hakuwa na la kuwaonyesha.

"Nani amekibuni hiki?"

Hapa ndipo ninapojichukia. Nilijua jibu. Lilikuwa mdomoni. Lakini sisi tulilelewa kwamba mtu hasemi "mimi" mbele ya watu. Nyumbani mama yangu angenifinya, na kijijini, miaka ile, aliyesema "mimi" alionekana ana ubepari. Basi nilitabasamu kama bibi harusi, nikasema:

"Ni sisi sote, ndugu."

Jioni nikaukaza mpini kwenye urefu wa jirani yangu, nikampelekea ofisini, nikampa kwa mikono miwili. Nilikuwa nimekifuta na kukipaka mafuta kwanza. Nilikipeleka mwenyewe!

Alikipeleka Masasi kwenye karakana, vikatengenezwe vingine ishirini. Nilifurahi, nikadhani magoti yetu yamepona. Vilirudi kwenye lori, vimepakwa rangi ya kijani, vinapendeza. Nikakishika kimoja, nikatafuta bolti. Hapakuwa na bolti. Nikatafuta nati yenye masikio. Hapakuwa na nati. Mabomba yalikuwa yamechomelewa, na chuma kimechomelewa, kimesimama hivyo daima. Mpini ulinifika kidevuni.

Nilimfuata Meneja. Alinieleza kwa upole, kama unavyomweleza mtoto. Vitu vinavyofunguka hupotea. Vibarua wataiba nati. Halafu, alisema, hiki ni kijiji cha ujamaa, haiwezekani kila mtu awe na urefu wake. Sote ni sawa.

"Urefu huu umepimwa kwa nani?" nilimuuliza.

Jibu lilikuwa limesimama mbele yangu. Alikishika kimoja, na kilimkaa barabara, kama suti.

Mbele ya wageni alikwangua yeye mwenyewe. Alivua koti, akakwangua kipande cha sakafu tulichokuwa tumekilainisha asubuhi kwa magoti yetu, na wageni wakapiga makofi. Alisema kwamba wanawake wa kijiji hiki wamekombolewa kutoka magotini. Tulikuwa tumepangwa mstari nyuma, wafupi sote, tumeshika vile vyuma vya kijani kama askari walioazimwa bunduki. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini huyu alikuwa anawasifia wenye kitanda utamu wa kunguni!

Kesho yake tulirudi kwa vipande vyetu vya majembe. Wanne kati yetu walikata mipini ya kijani kwa msumeno, wakaonywa kwa kuharibu mali ya umma. Jirani yangu hakuweza hata hivyo. Msumeno unaweza kumpunguzia mpini, lakini hauwezi kumrefushia na kumfupishia kila akifika benchini, wala hauwezi kukilaza chuma. Alijaribu kile kirefu, kikateleza, akaanguka kwa ule mguu.

Nilikwenda ofisini kudai kile cha kwanza. Kilikuwa ndani ya kabati la kioo, chini yake kuna karatasi: sampuli.

"Naomba kile," nilisema. "Ni changu. Nilikibuni mimi."

"Ulisema ni chenu wote," alisema Meneja. Hakusema kwa ukali hata kidogo. Aliamini. "Cha wote hakiwezi kuwa cha mtu mmoja, ndugu."

"Basi mpe yule mama, kwa niaba ya wote. Mwisho wa mwezi ni keshokutwa."

"Yule ameshapewa chake, kipya. Ameshindwa kukitumia. Sasa hana kisingizio."

Nilisema mengi siku ile, mengine siwezi kuyaandika. Nilifukuzwa kazi hapo hapo, na sikujali. Lori lilikuja asubuhi ya siku ya tatu. Jirani yangu alipanda na watoto wake wawili na sufuria moja, mguu ule mbovu umetangulia mbele yake kama kawaida. Aliniambia, "Akija, mwambie." Hakumaliza, nami sikuhitaji amalize.

Alikuja. Msumbiji ilikuwa imeshapata uhuru, na mtu mwembamba alisimama mlangoni kwangu, kofia mkononi, akamtaja mkewe kwa jina. Nilimwelekeza nilivyoweza. Nilimpa chakula cha njiani. Aliondoka kwa miguu kuelekea lilikoelekea lile lori, na mpaka leo sijui kama walionana.

Miaka mingi baadaye nilikwenda kwenye ile ofisi kwa shida nyingine, kugongewa muhuri. Meneja alikuwa ameshahamishwa zamani, kwa cheo. Kabati lilikuwa pale pale. Karani alikuwa kijana mwenye adabu, akaniamkia vizuri, akanifungulia nilipomwomba. Nilikuwa bado nautunza ule utepe wa kanga, nimeufunga kwenye pindo la leso. Niliufungua, nikaupima mpini kutoka kwenye chuma kwenda juu. Fundo la nyonga ya jirani yangu liliishia pale pale ulipoishia mpini. Siku aliponyang'anywa kilikuwa kwenye urefu wake, na hakuna aliyeubadilisha tangu hapo.

Nilishika bolti nikaizungusha. Haikwenda. Nikashika na nati.

"Usijisumbue, bibi," alisema yule karani. "Imeshika kutu. Hiki ndivyo kilivyo, hakisogei."

Nilimwambia kilikuwa kinasogea. Nilimwambia nilikibuni mimi. Nilisema "mimi" mara tatu, kwa sauti, na watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka kunitazama.